Uliza Mwalimu: Hesabu ya chuo kikuu inampeleka mtu wapi?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya kusoma hesabu chuo kikuu, mistari kama mitano ivi, na barua zilizorudi ni nyingi kuliko za toleo lolote tangu nianze kuandika ukurasa huu. Kwa hiyo safari hii nafasi yote naitoa kwa hesabu. Barua nimezifupisha na majina nimeyaondoa.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimemaliza sekondari na hesabu ndo somo ninalolipenda kuliko yote, nataka kuomba digrii ya hesabu lakini nyumbani wamegoma kabisa. Baba mdogo kasema wazi, ukisoma hesabu utaishia kushika chaki, tafuta kozi yenye kazi. Hakuna hata mmoja pale nyumbani aliyeweza kutaja kazi nyingine ya mtu wa hesabu na mimi mwenyewe nilipoulizwa nilikaa kimya. Naomba unisaidie la kuwajibu. (Binti, miaka 18)

JIBU: Marahaba mwanangu. Baba yako mdogo usimkasirikie, anasema anachokiona. Fungua matangazo ya kazi popote pale, utakuta anatakiwa mhasibu, anatakiwa nesi, anatakiwa injinia wa umeme, ila "anatakiwa mwanahesabu" unaweza ukatafuta mwaka mzima usilione, sasa mtu asiyeona tangazo atasemaje kazi ipo? Hesabu haina kibao mlangoni, hilo ndo tatizo lake kubwa. Kazi zipo lakini zimevaa majina mengine, na mtu ambaye hajapita huko ndani hawezi kujua kwamba yule anayeitwa mchambuzi wa hatari benki, au mtaalamu wa takwimu bima, au mchambuzi wa data kwenye kampuni ya simu, au yule anayeandaa utabiri wa hali ya hewa, huko chuo alikuwa anakesha na milinganyo kama utakavyokesha wewe.

Nikupe mfano mmoja ninaoupenda sana. Daktari Ronald Ross ndiye aliyegundua mwaka 1897 kwamba vimelea vya malaria vinakua ndani ya mbu, na mwaka 1902 akapewa tuzo ya Nobel. Wengi wanamjua mpaka hapo tu. Ila yule bwana alikuwa anapenda hesabu kupita kiasi, na kulikuwa na watu wanambishia kwamba vita ya mbu ni kazi bure kwa sababu hakuna awezaye kumaliza mbu wote. Akakaa chini akaandika milinganyo: mbu wangapi kwa kila mtu, kila mbu anauma mara ngapi, mgonjwa anapona baada ya muda gani, mbu anaishi siku ngapi. Milinganyo ikamjibu kwamba huna haja ya kuwamaliza wote, kuna kiwango fulani, mbu wakishuka chini ya hapo kila mgonjwa anakuwa anaambukiza chini ya mtu mmoja na ugonjwa unaanza kuzimika wenyewe. Unaona hapo? Hakuna dawa mpya iliyogunduliwa, hakuna darubini, ni kalamu na karatasi, na jibu lake linabadilisha namna nchi inavyopanga kupambana na ugonjwa. Mwaka 1927 wanasayansi wawili, Kermack na McKendrick, wakaandika milinganyo ya magonjwa ya mlipuko kwa ujumla, na ile namba ya maambukizi tuliyokuwa tunaisikia kila siku kipindi cha korona inatoka kwenye ukoo huo huo. Anayefanya kazi hiyo leo kwenye kitambulisho cha kazini hajaandikwa mwanahesabu, ameandikwa mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko, na baba yako mdogo akikutana naye hatojua.

Kuna mingine nitaipitia haraka. Shirika la ndege lina ndege kadhaa, marubani kadhaa, sheria za kupumzika, viwanja vya kutua, nani arushe ipi saa ngapi ili gharama isipande? George Dantzig mwaka 1947 alipata njia ya kutatua maswali ya namna hiyo, inaitwa simpleksi, alikuwa anafanya kazi ya mipango na jeshi la anga la Marekani, na mpaka leo viwanda na mashirika ya usafiri yanaitumia yenyewe au wajukuu zake. Google nayo, ile mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin walipoanza, wazo lao kubwa lilikuwa la aljebra: ukurasa unakuwa na uzito kama unaelekezwa na kurasa nyingine zenye uzito, sasa uzito wa huyu unategemea wa yule na wa yule unategemea wa huyu, utaupataje? Ni mfumo wa milinganyo mikubwa tu, na aliyesoma aljebra ya matriki, yani majedwali ya namba, mwaka wa pili anaweza kuelewa kilichofanyika.

Sasa na mimi nisikudanganye. Digrii ya hesabu peke yake, bila kitu kingine pembeni, inaweza kukuchelewesha kupata kazi, nimeona vijana wazuri kabisa wakikaa. Kwa hiyo ukiomba hesabu omba na jirani yake mmoja, iwe kompyuta, iwe uchumi, iwe takwimu, iwe fizikia, na huyo jirani umsome kwa moyo sio kwa kujaza fomu. Na ukirudi nyumbani usiende na maneno kwamba hesabu ni nzuri, hayo wameshayasikia, nenda na majina ya kazi kama niliyokutajia hapa, kazi tano ziandike kwenye karatasi, baba mdogo azisome mwenyewe. Hilo la chaki nitalirudia mwishoni maana kuna barua yake.

SWALI: Mwalimu mambo vipi, mi niko mwaka wa kwanza digrii ya hesabu. Sekondari nilikuwa naongoza darasa hesabu miaka yote yani hakuna aliyenigusa. Hapa chuo jaribio la kwanza nimepata 31 kwa 100. Lekchara haandiki namba kabisa anaandika herufi za Kigiriki tu, "kwa kila epsiloni ipo delta", na maswali yote yanasema thibitisha, thibitisha. Nimeanza kuona kumbe sikuwa na akili nilikuwa nakariri. Nihame kozi mapema kabla sijadisko?

JIBU: Kijana wangu usihame, bado. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu ingekuwa ya kwangu miaka ile, mi nilibeba sapu mbili mwaka wa kwanza na nilishaandika barua ya kuhama, ikabaki mfukoni.

Kilichokupata ni kwamba somo limebadilika na jina limebaki lile lile. Sekondari unapewa njia, unaulizwa jibu. Chuo unapewa jibu, unaulizwa kwa nini ni la kweli, siku zote na mahali pote, bila kubakiza hata kesi moja. Ni kazi tofauti kabisa na hukuwahi kufundishwa, kwa hiyo hiyo 31 haipimi akili yako, inapima wiki chache ulizokaa na kitu kigeni.

Chukua namba yoyote kuanzia 0, izidishe kwa yenyewe, jumlisha ile namba, jumlisha 41. Ukianza na 0 unapata 41, ni namba tasa, yani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Ukianza na 1 unapata 43, tasa. Na 2 unapata 47, tasa. Endelea 3, 4, 5, endelea mpaka 39, zote tasa, mara 40 mfululizo! Mtu wa kawaida hapo anaapa kabisa kwamba itakuwa ivo milele. Sasa weka 40. Unapata 1681, ambayo ni 41 mara 41. Imekufa. Hii kitu iko toka enzi za Euler, bingwa wa hesabu wa karne ya 18, na mi kila mwaka nilikuwa naanza nayo darasani maana inaonyesha kwa nini yule lekchara wako anasema thibitisha: kujaribu mara 40 hakutoshi, wala mara milioni.

Na uthibitisho wenyewe si lazima uwe mkubwa. Namba witiri ukijumlisha na witiri unapata shufwa, hilo unalijua toka utotoni, lakini kwa nini? Witiri yoyote ni mbili mara kitu, ongeza moja. Chukua mbili za namna hiyo, zile moja mbili zinakutana zinakuwa mbili nyingine, sasa zote ni mbili mara kitu, kwisha. Hujajaribu namba hata moja na umezimaliza zote, zile ambazo hakuna binadamu atakayewahi kuziandika umezimaliza nazo. Ukihisi utamu hapo, hata kidogo tu, basi uko kozi sahihi, hiyo 31 itapanda.

Epsiloni na delta nayo iangalie kama mabishano ya watu wawili. Mmoja anasema nataka matokeo yasiwe mbali na hapa kuliko kiasi hiki, anataja epsiloni, ndogo kadiri anavyotaka yeye. We unamjibu sawa, basi we usitoke mbali na hapa kuliko delta hii na utapata unachotaka. Akitaja ndogo zaidi unampa delta nyingine. Kama una jibu kila mara, hata aje na epsiloni gani, umeshinda. Ndo hilo tu. Soma tena sentensi ya lekchara ukiwa na hao watu wawili kichwani. Alafu ujue hivi, Leibniz alichapisha kalkulasi yake, yani hesabu ya vitu vinavyobadilika, mwaka 1684 na Newton alikuwa nayo kabla, lakini mpaka Cauchy anaanza kuiweka juu ya msingi unaoeleweka ni 1821, na Weierstrass akaja baadaye tena kuikaza kwa hiyo epsiloni na delta. Zaidi ya miaka 130 mabingwa wa Ulaya waliitumia bila kuweza kueleza vizuri kwa nini inafanya kazi, na wewe unataka ikuingie kabla ya jaribio la kwanza?

Kuhusu kusoma, achana na kukusanya madesa ya majaribio ya miaka ya nyuma na kukariri majibu, kule sekondari kuliweza kukubeba hapa hakukubebi. Soma uthibitisho mmoja kwa siku, funika daftari, uandike upya kwa maneno yako, utakwama, angalia pale tu ulipokwama, funika tena. Inachosha sana na inaonekana huendi mbele. Tafuta wenzako wawili mkae ubaoni, mmoja anaeleza wengine wanambishia, na asiyeelewa aruhusiwe kusema sijaelewa mara kumi. Nenda ofisini kwa lekchara, wengi wanakaa pale peke yao wanangoja mwanafunzi aje na hakuna anayekuja.

Na usiogope kuwa wa polepole. Maryam Mirzakhani wa Iran, mwanamke wa kwanza kupata medali ya Fields, moja ya tuzo kubwa kabisa za hesabu, mwaka 2014, alikuwa anajieleza mwenyewe kuwa ni mtu wa kwenda polepole. Kuna mwaka shuleni alifanya vibaya hesabu, mwalimu hakumuona kama ana kipaji, na moyo ukamvunjika, mwaka uliofuata akapata mwalimu aliyemtia moyo ndo akainuka. Alikuwa anatandaza makaratasi makubwa sakafuni anachora, anachora, na binti yake mdogo alidhani mama anapaka rangi. Alifariki 2017 akiwa na miaka 40 tu, hilo bado linaniuma.

Maliza mwaka. Kama umefanya haya kwa miezi na kila ukifungua daftari unasikia kuchukia tu, hapo niandikie tena tuongelee kuhama, na kuhama si aibu.

SWALI: Mwalimu, kwani kuna haja gani ya kusoma hesabu sa hivi wakati akili mnemba inatatua kila swali? Naomba jibu fupi.

JIBU: Nitajaribu. Kabla ya mashine, "kompyuta" lilikuwa jina la cheo cha binadamu aliyeajiriwa kupiga hesabu siku nzima. Katherine Johnson wa NASA alikuwa mmoja wao. Mwaka 1962 mwanaanga John Glenn alipokuwa anajiandaa kuizunguka dunia, mashine zilikuwa zimeshapiga hesabu za njia yake, lakini akataka yule mama azipige upya kwa mkono, namba zile zile, akiridhika yeye ndo ataruka. Mashine haikufuta kazi ya mtu wa hesabu, ilibadilisha kazi ikawa ya kujua kama jibu ni la kuaminika. Hizi programu za leo nazo zinaweza kuandika uthibitisho mzuri kabisa wenye tundu katikati, kwa sauti ile ile ya kujiamini, sasa nani atakayeliona tundu? Na ndani yake zimejengwa kwa vitu gani? Matriki, uwezekano, na ile kanuni ya mnyororo ya kalkulasi ambayo wanafunzi wanaichukia mwaka wa kwanza, ndo inayozifundisha. Anayetaka kuzitengeneza au kuzikagua atapita kwenye hesabu tu. Kweli kazi za kupiga hesabu zinazojirudia zinapungua, na anayesoma hesabu ili awe kikokotoo, huyo namshauri afikirie upya.

SWALI: Mwalimu salaam. Mimi ni mzazi. Binti yangu yuko mwaka wa pili na anataka kubobea kwenye hesabu tupu, nadharia ya namba (elimu ya tabia za namba nzima), anasema takwimu na kompyuta hazimvutii. Sisi wazazi wake tunalipa ada kwa tabu na tunaona anaenda kwenye kitu kisicho na matumizi yoyote. Je, nimzuie?

JIBU: Salaam mzazi mwenzangu. Usimzuie, ila usimuache bila kumuuliza maswali.

Hilo la kutokuwa na matumizi, alilisema hata mkubwa wao. G. H. Hardy wa Cambridge, mmoja wa mabingwa wa nadharia ya namba, aliandika mwaka 1940 kwa fahari kabisa kwamba hakuna aliyeona matumizi ya kivita ya nadharia ya namba wala haielekei atatokea wa kuyaona miaka mingi ijayo. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman wakachukua mambo ya namba tasa, yale ya Fermat wa karne ya 17 na Euler wa karne ya 18, wakatengeneza njia ya kuficha ujumbe inayoitwa RSA, na toka hapo majeshi na mabenki hayajaweza kuiacha nadharia ya namba. Ukilipa kitu kwenye intaneti, ile kufuli ndogo unayoiona juu inasimama juu ya kazi za aina hiyo. Siri yake ni rahisi kueleza, kuzidisha namba tasa kubwa mbili ni jambo la sekunde, lakini kupewa jibu lake na kuambiwa zitafute zile mbili, kompyuta za kawaida tulizonazo zinashindwa namba zikiwa kubwa vya kutosha. Na si namba peke yake. Johann Radon mwaka 1917 aliandika hesabu ya jinsi ya kuijenga picha ya kitu kutokana na mistari inayokipenya, bila kufikiria hospitali, na zile mashine za CT zinazopiga picha ya ndani ya mwili zimesimama juu ya hesabu ya aina hiyo hiyo, Cormack na Hounsfield wakapata Nobel ya tiba mwaka 1979 kwa kazi ya kuzianzisha.

Lakini hesabu miaka mwenyewe mzazi, 1917 mpaka 1979. Binti yako hawezi kungoja miaka 60 ndo apate kazi, na hapa wapenzi wengi wa hesabu tupu wanawadanganya vijana kwa kuwapa mfano wa RSA na kuishia hapo. Njia iliyonyooka ya hesabu tupu ni kwenda uzamili, kwenda uzamivu, kisha kufundisha na kutafiti chuo kikuu, na nafasi hizo ni chache popote duniani, wanaozitaka ni wengi kuliko viti. Wengine wanaishia kwenye usalama wa mitandao, mabenki, programu, na wanaajiriwa vizuri tu kwa sababu aliyezoea kukaa na swali moja miezi mitatu bila kukata tamaa anatafutwa. Wanachokwama nacho ni kwamba wengi wao hawajawahi kuandika programu hata moja.

Kwa hiyo kaa naye, mwambie sisi wazazi wako tunakubali nadharia ya namba, na wewe tukubalie mambo mawili, somo moja la uwezekano na somo moja la kuandika programu kabla hujamaliza. Programu hata kwake itakuwa tamu, wenzake wa nadharia ya namba wanaitumia kila siku kutafuta mifano. Akikataa hata hayo mawili, hapo ndo nitakuwa na wasiwasi na mimi.

SWALI: Naomba kutofautishiwa hesabu, takwimu na takwimu bima. Nimechaguliwa zote tatu na siku za kuthibitisha zinaisha.

JIBU: Hongera. Takwimu bima ni kozi ya kazi moja yenye jina: kupima hatari kwa pesa. Watu wa umri huu wangapi watakufa mwaka huu, pensheni iliyoahidiwa leo itatoshaje miaka 40 ijayo, ada ya bima iwe kiasi gani kampuni isianguke. Ni kazi ya zamani, Edmond Halley yule wa nyota yenye mkia mwaka 1693 alichukua rekodi za vizazi na vifo za mji wa Breslau akaonyesha jinsi ya kukadiria thamani ya malipo ya maisha kwa umri, na London mwaka 1762 ikaanzishwa jumuiya ya bima ya maisha inayotoza watu kwa hesabu za umri. Ila ujue digrii si mwisho, baada yake kuna mitihani ya vyama vya taaluma, cha Uingereza au cha Marekani, inayochukua miaka mtu akiwa kazini, na wengi wanaishia katikati. Anayeimaliza anakuwa na taaluma ya heshima na inayolipa.

Takwimu ni pana zaidi, unaenda afya, kilimo, utafiti, biashara, serikali, popote penye data. Hesabu ndo pana kuliko zote na ndo isiyo na mlango maalum. Kama unajua unachotaka, chukua chenye jina. Kama hujui na unapenda somo lenyewe, chukua hesabu, kwa sababu aliyesoma hesabu anahamia takwimu kwenye uzamili bila taabu kubwa, kurudi kinyume chake ndo kugumu.

SWALI: Mwl mi nimemaliza digrii ya hesabu mwaka na nusu sasa sina kazi. Nimeitwa intavyuu mbili, zote nimeulizwa "unaweza kutufanyia nini" nikakosa la kusema nikataja masomo niliyosoma. Topolojia nilipata A. Nifanyeje nimechoka.

JIBU: Pole sana mdogo wangu, mwaka na nusu ni mrefu na uchovu wako nauelewa. Ila umeniandikia kitu cha thamani, hilo swali la intavyuu. Wamekuuliza kazi ukawajibu masomo. Yule aliyekaa mbele yako hajui topolojia ni nini na hana muda wa kufundishwa, anataka kusikia kitendo: niliwahi kuchukua data za kitu fulani, zilikuwa chafu, nikazisafisha, nikagundua hiki, na hapa kuna mchoro wake.

Hicho kitendo unaweza kukitengeneza wewe mwenyewe ndani ya miezi mitatu bila kuajiriwa na mtu. Jifunze Python au R, ni lugha za kuandika programu, moja tu usirukeruke, na SQL ya kuvuta data, kwa kichwa cha mtu aliyepata A topolojia hii ni kazi ya wiki kadhaa sio miaka. Excel nayo usiidharau, maofisi mengi bado yanaishi humo. Alafu tafuta data za wazi, Benki ya Dunia wanazo bure kwenye intaneti, Shirika la Afya Duniani wanazo, chagua swali ambalo we mwenyewe linakusumbua, sio zoezi la kwenye kozi ambalo kila mtu kalifanya, ulijibu mwanzo mpaka mwisho na uandike kurasa mbili kwa lugha ambayo mtu asiyejua hesabu ataielewa. Hizo kurasa mbili ndo kazi ngumu kuliko programu yenyewe, nakwambia kabisa, na ndo zitakazokupa kazi. Mpe mtu wa nyumbani asiyesoma hesabu azisome, pale atakapokunja uso paandike upya.

Kwenye barua ya maombi usianze na "nina digrii ya hesabu", anza na hicho kitendo. Na usiombe kazi zenye neno data tu, angalia ukaguzi, angalia mipango, bajeti, ugavi, tathmini ya miradi, huko kote wanapungukiwa na mtu anayeweza kuona kwamba namba hazikubaliani. Ukipata nafasi ya kujitolea mahali miezi michache penye data halisi ichukue, ila mkubaliane mapema inaisha lini, usije ukafanywa mtumwa. Ukimaliza hizo kurasa mbili nitumie, nitazisoma mwenyewe.

SWALI: Mwalimu, mimi kwa hiari yangu nataka nikimaliza hesabu nikafundishe sekondari. Sio kwamba nimekosa kingine. Marafiki wananicheka kwamba napoteza digrii. Wewe unaonaje?

JIBU: Naona watoto wako watakuwa na bahati. Niliahidi kulirudia hili la chaki. Karibu kila barua ya toleo hili ina mwalimu ndani yake, mzuri au mbaya, yule wa 31 kwa 100 alifundishwa kukariri, na Mirzakhani angeweza kuachana na hesabu kabisa kama yule mwalimu wa pili asingetokea. Mwalimu wa hesabu aliyeisoma mpaka kwenye uthibitisho ana kitu ambacho mwenye kitabu tu hana, mtoto akiuliza kwa nini hasi mara hasi ni chanya hatomwambia kariri ndo sheria, atakaa naye na kumuonyesha kwamba ingekuwa vingine kuzidisha na kujumlisha kungegombana. Chukua mafunzo ya ualimu kwa uzito ule ule uliochukulia hesabu, kujua somo na kujua kulifundisha ni vitu viwili. Angalia masharti ya usajili wa walimu mahali utakapofundisha kabla hujamaliza digrii, maana wapo waliogundua wamechelewa kwamba walihitaji masomo ya elimu ndani ya kozi. Na siku yako ya kwanza darasani jaribu ile ya 41, waache wafike mpaka 39 wenyewe.